Wahafidhina wa Marekani, Sikukuu Zao na Katiba Yao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka ugomvi hufuata kalenda. Januari Wamarekani wanagombania Martin Luther King, Juni wanagombania Juneteenth, kumbukumbu ya kuachwa huru kwa watumwa, Oktoba zamu ya Columbus, Novemba Mahujaji wa Plymouth, yaani walowezi wa kwanza wa Kiingereza huko Massachusetts. Anayezifuatilia siasa hizo kwa mbali anaweza kudhani ni vita vya rangi na vyama tu. Vita hivyo vipo, ila ndani yake kuna hoja ya kikatiba ambayo wahafidhina wameibeba kwa miaka mingi, na mara nyingi haifiki kwetu ikiwa nzima. Majibu haya yanaegemea upande wao, lakini hayawafichi pale wanapojipinga wenyewe.

Mhafidhina wa Marekani anahifadhi nini hasa?

Mapinduzi. Ulaya wahafidhina walilinda mfalme, kanisa na mashamba ya mabwana. Marekani kinacholindwa ni tangazo la uhuru la waasi wa 1776, pamoja na katiba iliyotiwa saini na wajumbe 39 mjini Philadelphia tarehe 17 Septemba 1787. Ukimsikiliza mhafidhina wa aina ya zamani utakuta swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: nani amepewa madaraka ya kuamua jambo hili? Ibara ya Kwanza ya katiba inaorodhesha kazi za Bunge la Congress. Marekebisho ya Kumi, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanasema madaraka ambayo serikali ya shirikisho haikukabidhiwa yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kwa hiyo jambo linaweza kuwa jema kabisa na bado akalipinga, kwa kuwa anaona limeamuliwa na asiyehusika.

Siku hizi kuna mkondo wa pili, uliochoshwa na taratibu, unaotaka rais mwenye mkono mzito atumie nguvu za dola dhidi ya waliberali walioko vyuoni na wizarani. Mikondo hii miwili hupiga kura pamoja na kugombana chinichini. Bila kulijua hilo, mengi ya mwaka 2025 hayaeleweki.

Marekani ina sikukuu za kitaifa ngapi?

Kisheria, kwa maana tuliyoizoea sisi, haina hata moja. Kuna sikukuu 11 za serikali ya shirikisho. Sheria ya kwanza, ya mwaka 1870, ilitaja nne tu: Mwaka Mpya, Siku ya Uhuru, Siku ya Shukrani na Krismasi, na iliwahusu wafanyakazi wa serikali katika mji mkuu. Congress inaweza kufunga ofisi zake yenyewe. Haiwezi kumwamuru mwenye duka wa Ohio afunge lake, na kila jimbo hujipangia sikukuu zake.

Wenzetu waliohamia huko na kufanya kazi maghalani au kwenye nyumba za kutunzia wazee huligundua jambo hili mapema. Unaingia zamu tarehe 4 Julai, fataki zinalia nje, na mshahara ni uleule wa saa za kawaida, kwa sababu hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri binafsi kulipa zaidi siku ya sikukuu. Yote yanategemea mkataba wako. Mhafidhina atasema hivyo ndivyo katiba inavyotaka. Kwa maandishi yuko sahihi, ingawa mtu wa zamu ya usiku hana sababu ya kumshangilia.

Kwa nini wanakasirishwa na jina “Siku ya Marais”?

Kwa sababu sheria haina siku hiyo. Sikukuu ya Jumatatu ya tatu ya Februari inaitwa, katika sheria ya shirikisho hadi leo, Siku ya Kuzaliwa kwa Washington. Jina la “Siku ya Marais” lilienezwa na matangazo ya maduka na majimbo kadhaa.

Chanzo cha vurugu ni sheria ya 1968, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson na kuanza kutumika 1971, iliyohamishia sikukuu kadhaa Jumatatu ili watu wapate mapumziko marefu. George Washington alizaliwa 22 Februari 1732. Jumatatu ya tatu ya mwezi haiwezi kuvuka tarehe 21. Maana yake Wamarekani husherehekea kuzaliwa kwake katika siku ambayo kamwe haiwezi kuwa siku aliyozaliwa! Sheria hiyohiyo iliihamisha Siku ya Maveterani kutoka 11 Novemba, tarehe ambayo Vita vya Kwanza vya Dunia vilisitishwa. Maveterani wakagoma kuikubali, na kuanzia 1978 ikarudishwa mahali pake. Siku ya kuwakumbuka waliofia vitani haikubahatika. Ilikuwa 30 Mei, ikafanywa Jumatatu ya mwisho ya Mei, na sasa kwa wengi ni siku ya nyama choma na magodoro ya bei nafuu. Seneta Daniel Inouye wa Hawaii, Mdemokrat aliyepoteza mkono vitani Italia, alipeleka muswada wa kuirudisha 30 Mei tena na tena hadi alipofariki. Hapa wahafidhina walikuwa na mwenzao kutoka chama cha pili.

Mahali pamoja ambapo Washington bado anapewa heshima ya kizamani ni Seneti. Kila Februari seneta mmoja, zamu kwa zamu kati ya vyama, husimama na kuisoma hotuba yake ya kuaga ya 1796, maneno 7,641, neno kwa neno, kazi ya kama dakika 45. Akimaliza, huandika jina lake na maneno machache katika kitabu chenye jalada la ngozi nyeusi. Hotuba yenyewe inaonya dhidi ya ushabiki wa vyama. Wanaisoma, wanatia saini, kisha wanarudi kugombana.

Tarehe 4 Julai 1776 watumwa walikuwepo. Wahafidhina wanalijibuje hilo?

Jibu lao bora limetoka kwa mtu aliyekuwa mtumwa. Frederick Douglass, akihutubia Rochester, New York, tarehe 5 Julai 1852, aliwauliza wasikilizaji wake sikukuu yao inamhusu nini mtumwa, na hakuna aliyewahi kuisema aibu hiyo kwa ukali zaidi. Watu wengi huishia hapo. Wahafidhina hukusomea mwisho wa hotuba, anapoiita katiba hati tukufu ya uhuru. Wakati huo swahiba wake wa zamani katika kupinga utumwa, William Lloyd Garrison, aliiona katiba kuwa mkataba na mauti, na mwaka 1854 aliichoma moto hadharani huko Massachusetts, siku hiyohiyo ya 4 Julai. Douglass alichagua njia nyingine: kuwashika watawala kwa maandishi yao wenyewe.

Mtu wa pili wanayemtaja ni Calvin Coolidge, rais pekee aliyezaliwa 4 Julai. Mwaka 1926, tangazo la uhuru lilipotimiza miaka 150, alisema Philadelphia kwamba kama watu wote wameumbwa sawa, basi hilo limekwisha, hakuna maendeleo ya kulivuka. Anayetaka kulivuka anarudi nyuma, si mbele.

Wapinzani wana jibu zito. Katiba iliikinga biashara ya kuleta watumwa hadi 1808, iliwahesabu watumwa kwa tatu ya tano katika kugawa viti vya bunge, na iliagiza waliotoroka warudishwe. Mhafidhina mkweli hayakatai hayo. Husema tu kwamba neno “utumwa” waandishi walilikwepa, na kwamba liliingia katika katiba mara ya kwanza mwaka 1865, katika ibara iliyoupiga marufuku utumwa wenyewe.

Je, si kweli kwamba walipinga sikukuu ya Martin Luther King?

Wengi walipinga, na haina haja ya kupaka sukari. Seneta Jesse Helms wa North Carolina aliongoza upinzani mwaka 1983, akimhusisha King na ukomunisti. Rais Ronald Reagan mwenyewe alianza kwa kusitasita akitaja gharama, kisha tarehe 2 Novemba 1983 akatia saini mbele ya Coretta Scott King. Sikukuu ikaadhimishwa mara ya kwanza Januari 1986.

Leo wahafidhina walewale humnukuu King kuliko karibu kiongozi yeyote wa karne iliyopita, hasa ile ndoto ya watoto wake kupimwa kwa tabia zao na si rangi ya ngozi. Ndiyo hoja iliyosikika sana Mahakama ya Juu ilipokataza vyuo kutumia rangi katika kuchagua wanafunzi, Juni 2023. Lakini sentensi moja haimtoshi King. Aliuawa Memphis mwaka 1968 alikokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma, huku akiandaa kampeni ya maskini iliyodai mambo ambayo Warepublican wengi wasingeyapigia kura. Ukimchukua, mchukue mzima.

Na Juneteenth?

Tarehe 19 Juni 1865 Jenerali Gordon Granger wa jeshi la shirikisho alitangaza Galveston, Texas, kwamba watumwa wote wako huru, miaka miwili na nusu baada ya tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru. Texas, jimbo la kihafidhina, iliifanya sikukuu ya jimbo kuanzia 1980, na seneta wake John Cornyn, Mrepublican, alikuwa miongoni mwa walioisukuma iwe ya shirikisho. Seneti ilipitisha bila kupingwa. Katika Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 415 kwa 14, na wote 14 ni Warepublican. Baadhi yao walisema wanaikubali siku lakini si jina rasmi, ambalo lina maneno “uhuru wa taifa”, wakihofia taifa kuwa na siku mbili za uhuru zinazoshindana.

Kwangu mimi hoja ya jina ni nyepesi. Yenye uzito ni nyingine: siku hiyo ya Juni utumwa ulikuwa bado halali Kentucky na Delaware, kwa kuwa tangazo la Lincoln lilikuwa amri ya kivita dhidi ya majimbo yaliyoasi tu. Uliisha nchi nzima tarehe 6 Desemba 1865, Marekebisho ya Kumi na Tatu yalipoidhinishwa. Mtu anayejiita mlinzi wa katiba angeidai siku hiyo ya Desemba kwa nguvu zote. Sijaona kampeni kubwa ya namna hiyo.

Kwa nini wanamng’ang’ania Columbus?

Wengi wao hawamtetei sana Columbus, baharia mzaliwa wa Italia, kama wanavyowatetea Waitaliano wa Marekani. Mwaka 1891 Waitaliano 11 waliuawa na umati New Orleans. Mwaka uliofuata Rais Benjamin Harrison akatangaza maadhimisho ya miaka 400 ya safari ya Columbus, na jamii iliyokuwa ikidharauliwa ikapata shujaa wa kuonyesha. Siku ya Wenyeji wa Asili, ambayo wengine huiadhimisha badala ya siku ya Columbus, ilianzia Berkeley, California, mwaka 1992, na Biden akawa rais wa kwanza kuitangaza, mwaka 2021.

Hoja wanayopenda zaidi, kwamba tusimhukumu mtu wa kale kwa vipimo vya leo, ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwaka 1500 Columbus alikamatwa huko Hispaniola na mjumbe wa wafalme wa Hispania kwa malalamiko ya utawala mbaya, akarudishwa Ulaya akiwa na minyororo. Vipimo vya siku zake mwenyewe vilimkuta.

Ile hadithi ya Siku ya Shukrani na ujamaa ni ya kweli?

Nusu. Kila Novemba watangazaji wa redio wa kihafidhina huisimulia: Mahujaji wa Plymouth walilima pamoja na kula kutoka ghala moja, wakakaribia kufa njaa, hadi gavana William Bradford alipogawa mashamba kwa kila kaya, mavuno yakajaa, ndipo wakamshukuru Mungu. Msomaji aliyekulia Tanzania na simulizi za vijiji vya ujamaa husikia masikio yakimcheza.

Bradford kweli aliandika hayo. Alisema kugawa mashamba kuliwafanya watu wachape kazi, hata wanawake wakaenda shambani kwa hiari na watoto wao, na alimsuta mwanafalsafa Plato kwa kudhani mali ya pamoja ingeleta furaha. Tatizo ni tarehe. Mgawanyo huo ulifanyika 1623. Karamu maarufu ni ya 1621, siku tatu, pamoja na chifu Massasoit na wanaume wa Kiwampanoag kama 90, wakati wakilima bado kwa pamoja. Tena mali ya pamoja haikutokana na itikadi yoyote. Ilikuwa sharti la wafanyabiashara wa London waliogharamia safari na kutaka faida igawanywe baada ya miaka saba. Kwa hiyo funzo la Bradford lipo, ila karamu si ushahidi wake.

Kuna hoja bora katika sikukuu hii ambayo redio huipita haraka. Septemba 1789, wiki ileile Congress ilipokamilisha maneno ya Marekebisho ya Kwanza yanayokataza dini ya serikali, ilimwomba Washington atangaze siku ya kumshukuru Mungu. Akaitangaza kuwa 26 Novemba. Wahafidhina huuliza: je, watu walewale hawakujua walichokiandika? Kwao, huo ni ushahidi kwamba katiba haikukusudia kuifukuza dini hadharani. Upande wa pili una Thomas Jefferson, aliyekataa katakata kutangaza siku kama hiyo akiwa rais. Waasisi hawakuwa na sauti moja, na anayekwambia “waasisi walisema” muulize yupi.

Siku ya Katiba ni mapumziko?

Hapana. Tangu 2004 sheria inazitaka shule zote zinazopokea fedha za shirikisho zifundishe katiba kila 17 Septemba. Aliyeibuni ni Seneta Robert Byrd wa West Virginia, Mdemokrat aliyetembea na nakala ya katiba mfukoni. Kituko ni kwamba hakuna mahali katiba inapoipa Congress kazi ya kupanga somo la siku shuleni. Mhafidhina halisi alipaswa kuipinga sheria inayoisifu katiba kwa kuipindisha. Wachache walinong’ona, wengi waliipokea.

Majaji wa kihafidhina wanaisomaje katiba?

Wanauliza maneno yalikuwa na maana gani kwa umma siku yalipoidhinishwa. Edwin Meese, mwanasheria mkuu wa Reagan, aliitangaza njia hiyo mwaka 1985, na Antonin Scalia, aliyeteuliwa Mahakama ya Juu mwaka 1986, akawa mhubiri wake mkuu. Wanaipinga dhana ya “katiba hai” inayokua na nyakati, wakisema jaji anayekuza maana anatunga sheria bila kupigiwa kura. Kwa njia hiyo mahakama ilitambua mwaka 2008 haki ya mtu binafsi kuwa na silaha, na mwaka 2022 ikairudisha mada ya utoaji mimba kwa majimbo.

Kipimo cha kweli cha njia hii ni pale inapomuumiza anayeitumia. Mwaka 1989 kesi ya mtu aliyechoma bendera Dallas ilifika mahakamani. Scalia aliwachukia wachoma bendera na alisema hadharani kwamba angekuwa mfalme angewafunga jela. Akapiga kura kuwalinda, na kesi ikaamuliwa tano kwa nne. Wahafidhina wa bunge walijaribu kurekebisha katiba, na mwaka 2006 wakakosa kura moja tu katika Seneti. Hata walioshindwa waliheshimu utaratibu. Agosti 2025 Rais Trump alitoa amri ya kuagiza wachoma bendera washtakiwe kwa njia nyingine za kisheria. Hapo unaiona ile mikondo miwili ikiachana.

Kwa nini mtu anaweza kushinda urais akiwa na kura chache?

Kwa kuwa wanaochaguliwa na umma ni wajumbe 538 wanaomchagua rais, na mgombea anahitaji 270 kati yao. Ilitokea 2000 na 2016. Wahafidhina husema nchi ni muungano wa majimbo, hivyo mgombea lazima aungwe mkono kwa upana. Kenya imelitafutia lengo hilo njia nyingine, kwa kudai asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, juu ya wingi wa nchi nzima. Wasichokisema mara nyingi ni kwamba mtindo wa mshindi kuzoa wajumbe wote wa jimbo haumo katika katiba. Ni sheria za majimbo, na Maine na Nebraska hazizifuati.

Kama katiba ina kasoro, kwa nini wasiirekebishe tu?

Ndilo jibu lao wenyewe kwa waliberali: rekebisheni, msiwaachie majaji. Lakini mlima ni mrefu. Zinatakiwa theluthi mbili za mabunge yote mawili, kisha majimbo 38. Imewezekana mara 27.

Ya mwisho ina kisa kizuri. Mwaka 1982 Gregory Watson, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, aliandika insha akidai kwamba rekebisho lililopendekezwa 1789, la kuwazuia wabunge kujiongezea mshahara kabla ya uchaguzi mwingine, bado lilikuwa hai. Akapewa alama C. Akaanza kuandika barua kwa mabunge ya majimbo, moja baada ya jingine, hadi mwaka 1992 likaidhinishwa. Mwaka 2017 chuo kikambadilishia alama kuwa A.

Trump anaweza kufuta uraia wa kuzaliwa kwa amri?

Hili ndilo linalowagusa wasomaji wengi. Marekebisho ya Kumi na Nne ya 1868 yanasema aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco na wazazi wa Kichina wasioweza kupata uraia, ni raia. Amri ya Trump ya 20 Januari 2025 ilitaka kuwanyima uraia watoto ambao mama yao yuko nchini bila kibali au kwa viza ya muda, ikiwa baba si raia wala mkazi wa kudumu.

Jaji wa kwanza kuisimamisha, John Coughenour wa Seattle, aliteuliwa na Reagan, na aliiita kinyume na katiba waziwazi. Baadhi ya wanasheria wa kihafidhina hujibu kwamba “chini ya mamlaka” ilimaanisha utii kamili, si kuwepo tu nchini. Juni 2025 Mahakama ya Juu ilipunguza uwezo wa majaji wa chini kuzuia amri nchi nzima bila kuamua kiini, na Desemba 2025 ikakubali kukisikiliza kiini chenyewe. Kwa maoni yangu, anayesoma maneno kama Scalia alivyofundisha hawezi kuitetea amri hii kwa urahisi. Waliokusudiwa kuachwa nje walikuwa watoto wa mabalozi, wa majeshi ya adui na wa makabila ya wenyeji waliojitawala.

Mtihani wa uraia unauliza haya?

Ndiyo. Unaweza kuulizwa sheria kuu ya nchi ni ipi, marekebisho ni mangapi, au utaje sikukuu za kitaifa. Ukiisema ya Februari kwa jina la Washington au la marais, itahesabiwa kuwa mojawapo.